Jambia la babu: kuondoa kutu na kuizuia isirudi

7 Juni

Leo baada ya alasiri Bibi amefungua sanduku lake la mvule akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga. Ni jambia la babu, lile alilovaa siku ya harusi yake. Ndugu yangu mdogo anaoa mwezi wa Agosti, na Bibi amesema neno moja tu: "Avae la babu yake." Kazi nimepewa mimi kwa kuwa ndiye ninayekaa kibarazani na vyuma vikuukuu kila Jumapili.

Kulichomoa alani kumenichukua karibu saa nzima. Ngozi ilikuwa imegandana na chuma. Nimelitikisa kidogo kidogo huku nikidondoshea mafuta ya cherehani mdomoni mwa ala, hadi likateleza. Mpini nao ukabaki mkononi peke yake: lakiri iliyoushika imekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Mwanzo nilihuzunika, kisha nikaona ni heri, maana mti na nyuzi za fedha haziwezi kuingia katika kazi inayokuja.

Bapa lina kutu za namna tatu. Sehemu kubwa ni unga mwekundu unaoachia kidole rangi. Kwenye mgongo wa katikati kuna ukoko wa kahawia, mgumu. Na karibu na shina, pale mdomo wa ala ulipobana, kuna vishimo vidogo kama vya sindano, na ndani ya kila kishimo kuna doa la rangi ya chungwa. Hivyo vishimo ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Chini yake nimeona alama ya fundi aliyelifua, vitone vitatu kwenye mduara, hafifu kabisa.

8 Juni

Niandike kwanza kwa nini sitatumia msasa wala grainda. Miaka sita nyuma nilipeleka sime ya upande wa mama kwa fundi mmoja wa mjini. Akairudisha baada ya nusu saa iking'aa kama kijiko kipya. Mgongo wa katikati umelala, alama zote zimefutika, na baada ya mvua mbili kutu imerudi palepale. Kilichoondoka ni chuma, ila kilichokuwa kinakila chuma hakikuguswa.

Hiki ndicho nilichojifunza tangu hapo: kwetu Mombasa anayekula chuma ni chumvi. Chuma kinahitaji maji na hewa ili kishike kutu, hilo kila mtu analijua. Lakini chumvi ya upepo wa bahari ikiingia kwenye vishimo hujificha chini ya kutu, huvuta unyevu wa hewani, na kazi inaendelea hata siku ambayo wewe unaona pakavu. Ukisugua juu, yenyewe imebaki chini. Ndiyo maana vyuma vinavyotolewa baharini na wachimbaji wa mambo ya kale hulowekwa miezi mingi, wakati mwingine miaka, ili chumvi itoke kabla havijakaushwa.

Kila nikipita Fort Jesus nasimama mbele ya zile bunduki mbili kubwa za meli za vita, ya Königsberg ya Wajerumani na ya Pegasus ya Waingereza. Meli ya kwanza iliizamisha ya pili kule Unguja tarehe 20 Septemba 1914, na Königsberg yenyewe ikaishia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Leo bunduki zao zimewekwa pamoja, upepo mmoja unazipiga zote. Huwa natazama kwenye maungio na chini ya vichwa vya parafujo, maana hapo ndipo chumvi inapokaa.

10 Juni

Ami amekuja kutoka Kibokoni. Amelitazama jambia, akalibusu, akaniambia, "Mwanangu, lipake mafuta ya nazi, ndivyo tulivyofanya sisi." Nimemjibu, "Sawa, Ami," kwa sababu hakukosea nia. Ila ule ukoko wa kahawia kwenye mgongo, nikiukwaruza kwa ukucha, unanata na unanuka uvundo. Ni mafuta ya nazi ya miaka na miaka. Mafuta ya kula huchacha, hutoa asidi, kisha huganda yakashika vumbi na jasho. Mafuta ya cherehani hayachachi. Nimemweleza taratibu naye amekubali, akaomba tu aje aone siku ya kuchemsha.

14 hadi 17 Juni

Nimelipaka mafuta ya cherehani yaliyochanganywa na mafuta ya taa kidogo, nikalifunga kwa kitambaa usiku kucha. Asubuhi nikaanza kukwangua kwa ndururu ya zamani, ile ya Kenyatta. Ndururu ni ya shaba ya manjano, laini kuliko chuma cha jambia, kwa hiyo inang'oa kutu bila kuchora mkwaruzo. Unaishika kimshazari, unasukuma pole pole kufuata urefu wa bapa, unafuta, unaongeza mafuta, unarudia. Ikiacha mstari wa manjano usitishike, unafutika kwa kitambaa. Siku nne, saa moja kila jioni. Ule mduara wa vitone vitatu sasa unasomeka.

Vishimo sikuvigusa kwa chuma chochote. Nimetumia kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha.

21 Juni

Siku ya kuchemsha. Kwanza nimeosha mafuta yote kwa spiriti, na tangu hapo sikulishika bila glavu, kwani jasho la kidole pia ni chumvi.

Maji ni muhimu sana hapa. Visima vya Mji wa Kale vina maji ya chumvichumvi, na ya bomba nayo siyaamini. Nimenunua maji ya betri, yale yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, lita kumi kwenye kituo cha petroli. Soma lebo vizuri, maana asidi ya betri inauzwa rafu hiyohiyo katika chupa inayofanana. Jirani anayeuza vichujio vya maji ameniazima kipimo chake kidogo kinachoonyesha ni kiasi gani cha vitu kimeyeyuka majini. Maji mapya yalisoma 2.

Nimechukua sufuria ya pilau, nikapitisha ufito juu yake, na jambia nikalitundika kwa uzi wa pamba lining'inie ndani ya maji bila kugusa ukuta wa sufuria, kwa sababu alumini na chuma vikigusana majini vinasumbuana. Dakika ishirini za mchemko. Mbele ya macho ya Ami ile rangi ya chungwa imeanza kukolea, ikawa kahawia, kisha nyeusi kama wanja. Kutu nyekundu ikichemshwa hugeuka oksidi nyeusi, iliyotulia, inayoshikamana na chuma badala ya kumeguka. Mafundi wa bunduki wa Ulaya waliitumia njia hiyohiyo kutia mitutu weusi: waliiacha ishike kutu kwa makusudi, wakaichemsha, wakaisugua kwa burashi laini, wakarudia mara nyingi.

Maji ya kwanza yalisoma 61. Nikamwaga, nikaweka mapya: 34. Kisha 17, kisha 8, kisha 7. Pale namba ilipoacha kushuka ndipo nilipoacha na mimi. Nililitoa likiwa moto, likajikausha lenyewe kwa muda wa kuhesabu kumi, nikalisugua weusi wa juu kwa kitambaa kikavu, nikalipaka mafuta kabla halijapoa ili yanywe hadi vishimoni.

Watu wawili wameniuliza kama njia hii inafaa gobore la mzee wao lililotundikwa ukutani. Kwa kutu yenyewe, ndiyo, chuma ni chuma. Lakini bunduki, hata iwe mbovu, inaingia katika sheria ya silaha, Sura ya 114, na mtu aanzie huko kwa wahusika. Tena magobore ya zamani mengi hukutwa yamekaa na baruti na risasi ndani. Usilikaribishe na moto, usilichokoe, mpaka mwenye ujuzi na kibali amelikagua.

28 Juni

Nimeliacha wiki nzima dirishani, upande wa kusi, limepakwa nusu tu kwa makusudi. Nusu yenye mafuta iko safi. Nusu kavu ina madoa mawili ya chungwa, yote mawili kwenye vishimo vya shina. Bado kuna chumvi humo. Nimechemsha tena shina peke yake, mara tatu, na namba ikaanzia 12 ikaishia 4.

5 Julai

Namna ya kulihifadhi. Alani halirudi, isipokuwa siku ya harusi kwa saa chache. Ngozi ina asidi ya dabaghi, inanyonya unyevu na kuulaza juu ya chuma, na ile ya babu imejaa chumvi ya miaka mingi. Nimepasha bapa joto kidogo juani, nikapaka vaselini nyembamba sana, kiasi cha kuona wingu tu, nikalifunga kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila wanga. Limeingia kwenye mkebe wa plastiki wenye mfuniko wa mpira, pamoja na punje za silika zinazobadilika kutoka chungwa kuwa kijani zikishiba maji. Zikishiba nazikausha kwenye oveni, digrii kama 120.

Ala na mpini vinakaa mkebe mwingine.

20 Julai

Mvua mbili kubwa, kusi halijapumzika. Nimefungua mkebe, nimepangusa bapa lote kwa pamba nyeupe, na pamba imetoka nyeupe. Kwenye shina peke yake, kishimo kimoja kimeacha alama ndogo kama kichwa cha pini. Nitakichemsha Jumapili baada ya kufuta vaselini, na safari hii nitakipa saa nzima. Bibi ameomba kulishika. Amevaa glavu zangu bila kuuliza, akapitisha kidole kwenye vile vitone vitatu, akanyamaza.

Kesho napeleka mpini kwa sonara atie lakiri mpya.