Wimbo wa kwanza

“Ami, ule wimbo wa kwanza ulikuwa mrefu, tena hauna maneno.”

Nasra kaniambia hivyo Ijumaa usiku, bakuli la urojo mkononi, wala hakunuia ubaya. Alichokisikia ni mimi nikisawazisha nyuzi za kanuni, ile ala ya taarabu ya kulaza mapajani, kabla hatujaanza kupiga. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, umepita, watu wa Makunduchi wamechapana kwa migomba wakamaliza, wifi yenu kajifungua salama, na mimi bado niko kwenye “tena hauna maneno”.

Hebu tuhesabu. Kanuni yangu ina sauti 26, kila sauti nyuzi tatu: 78. Ukienda mbio, sekunde 10 kwa uzi, ni dakika 13. Kubadilishana vikundi jukwaani tumepewa 10.

Na kazi hiyo haimaliziki nyumbani. Kibao kinachobeba nyuzi kimesimama juu ya ngozi, na ngozi wakati huu wa kusi, jukwaa limeelekea bahari, inakunywa unyevu. Inalegea, kibao kinadidimia, sauti zinashuka, tena hazishuki sawa. Taa zikiwaka ngozi inakauka, zinapanda. Ndiyo maana naitoa kwenye sanduku saa nzima kabla, nyuma ya jukwaa, kwenye hewa ile ile. Chumba chenye kiyoyozi ni kujidanganya.

Sauti tunaichukua kwa kodiani, kwa kuwa yenyewe haigeuziki. Fidla, udi na mimi ndio wa kuifuata. Naanza nyuzi za kati: mmoja katika kila tatu upatane na kodiani, kisha wawili wenziwe waupate huo. Kigingi kikipita juu, usikirudishe kidogo ukakiacha. Teremsha mpaka chini ya sauti, halafu panda nayo taratibu, la sivyo kitateleza katikati ya ubeti. Na uzi mpya usitiwe karibu na onyesho, unaendelea kunyooka siku mbili tatu.

Wangu niliutia Alhamisi. Haya, nimesema.

“Tena hauna maneno”! Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja, wapo tangu 1905, na mtoto wa mjini hajui tofauti ya kanuni ikisawazishwa na ikipigwa.

Leo asubuhi nimemsikia anafagia ua, anavumisha kitu. Sauti tatu tatu, zinapanda. Nikasimama mlangoni na kikombe changu. Ni ule “wimbo”! Kaushika wote, na kila akifika mahali fulani, ile ya tatu anaishusha kidogo, pale pale uzi wangu mpya ulipokuwa ukilegea. Sikio hilo! Nilitaka kumwita, nikaona nitamharibia. Chai ikapoa.

Mama kapiga simu kutoka Pemba. Vidonge vya presha vimebaki vinne, na kwa kusi hii sijui kama boti ya kesho itaondoka.