Nilivyookoa boksi la komiki za kutisha lililonuka uvundo, na yule mzee wa kwenye kona

Mwaka juzi hapa mtaani kwetu Columbus, Ohio, jirani alikuwa anahama akatoa makorokoro yake yote mbele ya gereji anauza, mi nikaenda kutafuta koleo la theluji nikarudi na boksi la komiki 31 za kutisha, vile vijitabu vya hadithi za michoro, kwa dola 40. Koleo hata sikuliona. Mke wangu alivyofungua boksi akarudi nyuma hatua mbili, na sio kwa ajili ya mafuvu na majeneza kwenye kava, ni harufu. Lilikaa chini ya nyumba miaka na miaka, sasa ule uvundo wa nguo zilizosahauliwa kwenye ndoo ndo ulikuwa umeingia mpaka kwenye pini.

Mi mtoto wa Tanga, dawa ya uvundo najua moja tu, jua. Mtoto akikojoa godoro linaanikwa, unga ukishika unyevu unaanikwa, kwa hiyo nikapanga komiki kumi barazani nikaziacha wiki nzima, usiku naingiza asubuhi natoa kama mtu wa dagaa. Aisee. Zikajikunja kama hao hao dagaa, karatasi ikazidi kuwa ya njano, na moja yenye joho jekundu ikapauka ikawa kama chai ya maziwa, bluu tu ndo ilibaki imekaza. Na harufu bado ipo! Nilijisikia mjinga kweli maana mpaka hapo ndo nilikuwa sijaanza hata kuzisoma.

Zile 21 zilizobaki nikaenda nazo polepole. Kwanza chumba kikavu chenye mashine ya kuvuta unyevu, wiki moja, zimelala bapa haziguswi. Halafu nje, barakoa mdomoni, brashi laini ya kupakia rangi, nasukuma vumbi la ukungu kuelekea nje ya ukurasa, sio kusugua, ukisugua unaupaka. Zenye pini za kutu sikuzing'oa, nimeziacha hivyo hivyo. Mwisho nikachukua ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko, chini nikaweka bakuli la beking soda na jingine la mchanga wa choo cha paka, juu yake waya wa kupozea keki, komiki zikasimama pale juu zimeachama kidogo bila kugusa unga. Nikafunga wiki tatu. Mke wangu waya wake aliutafuta sana.

Sasa ni kwenye kupiga brashi ndo nikamgundua mzee. Komiki nyingi zilikuwa za Gold Key, nembo ya mchapishaji mmoja wa hapa Marekani, kava zao wanachora kwa rangi kama picha ya ukutani kabisa, na kwenye nyingi kuna kapicha kadogo ka mzee mmoja, mvi, suti, anakuangalia kwa upole wakati pembeni yake mtu anaburuzwa kaburini. Boris Karloff. Mi jina nalijua ila sura sikuwahi kuiunganisha, kumbe ndo yule yule wa Frankenstein ya 1931, lile jitu lenye kichwa bapa tuliloliona kibanda umiza, na huyo mzee jina lake halisi ni William Henry Pratt, mzaliwa wa London, alishapiga kazi za vibarua kibao huko nyuma, ustaa umemkuta anagonga miaka 44. Na mwanzoni mwa ile filamu hawakumwandika hata jina, waliweka alama ya kuuliza.

Nikazipanga kwa mwaka. Mbili za kwanza, za kuanzia 1962, zinaitwa Thriller kwa sababu alikuwa na kipindi cha TV cha jina hilo, kipindi kikafa, wakabadili jina 1963 kuwa Tales of Mystery. Mzee mwenyewe kafariki Februari 1969, lakini komiki zikaendelea kutoka kwa jina lake mpaka 1980. Miaka 11 marehemu anasimulia hadithi za mizimu! Hiyo ilinichekesha peke yangu pale nje na barakoa.

Kuna kitu kilinipa presha pia. Nilishasoma kwamba mwaka 1954 Seneti ya Marekani ilipowabana wachapishaji wa komiki za kutisha, kampuni zikajiwekea kanuni na kale kamuhuri kwenye kava ka kuonyesha komiki imefuata kanuni, zangu hazina muhuri, na nyingine badala ya Gold Key zimeandikwa Whitman, nikajua nimepigwa feki za dola 40. Wala. Gold Key hawakujiunga na ile kanuni, na Whitman ni nembo ya mchapishaji huyo huyo, miaka ya 70 walikuwa wanazifunga tatu tatu kwenye mfuko wanauza madukani.

Harufu imeisha kama robo tatu hivi, siwadanganyi, ukiweka pua utaisikia. Kila moja ipo kwenye mfuko wake na kadibodi isiyo na asidi nyuma, zimesimama kabatini. Ukutani sikuweka orijino hata moja, baada ya lile joho jekundu nimekoma, nimeskani kava sita nikaprinti ndo nikazitia fremu. Binti yangu kazikubali nilipomwambia huyo babu ndo sauti ya Grinch, lile jitu la kijani linaloiba Krismasi, kwenye ile katuni ya 1966.

Shida ikawa mama. Kanipigia video kutoka Tanga, simu imeegemea kikombe, ukuta wote anauona.

"Mwanangu, hayo mashetani ya nini ndani ya nyumba yenye mtoto?"

"Ni picha tu, mama, za zamani."

Kimya kidogo. Akasogeza uso.

"Na huyo mzee wa watu hapo kwenye kona, mbona wamemchanganya na hao?"