Feebas wa Route 119: kumbukumbu ya mradi wangu wa uvuvi kwenye Emerald

Mradi wenyewe ni huu: nimpate Milotic kwenye Pokémon Emerald, gemu la Game Boy Advance la kukamata na kulea viumbe waitwao Pokémon, kwa kuvua na kulea mwenyewe, bila kodi za kudanganyia gemu wala kubadilishana na mtu. Milotic havuliwi popote Hoenn, nchi ya gemu hilo. Anayevuliwa ni Feebas, samaki wa kahawia mwenye mapezi yaliyochakaa, kisha analishwa mpaka uzuri wake ufike kiwango, ndipo anageuka. Na huyo Feebas anaishi mto mmoja tu, ule wa Route 119, tena si mto mzima. Mto una miraba 447 ya maji. Yeye yuko kwenye miraba sita. Ukitupa mshipi mraba wa jirani, hata ukeshe hapo, humpati.

Mimi hili nalipenda kuliko jambo lolote jingine kwenye gemu hizi. Jumla ya nguvu za Feebas ni 200, sawasawa na Magikarp, samaki anayejulikana kwa unyonge. Milotic ni 540, sawasawa na Gyarados, ambaye ndiye Magikarp akishageuka. Wallace, bingwa anayekungoja mwisho wa Emerald, silaha yake kubwa ni Milotic wa levo 58. Samaki mnyonge kabisa ndiye kafichwa kuliko wote, na waliomficha walimwamini mchezaji kwamba atatafuta.

Kaseti

Nacheza kwenye DS Lite, kwa kuwa ina tundu la kaseti za Game Boy Advance. Kaseti yangu ni ya mtumba, na kila ikiwashwa inatoa tangazo kwamba betri ya ndani imekwisha: gemu litachezeka, ila mambo yanayokwenda kwa saa hayatatokea tena. Wengi wakiliona tangazo hilo hudhani watapoteza walichohifadhi. Hakipotei. Kwenye Emerald safari yako imehifadhiwa kwenye chipu isiyotegemea betri. Betri ni ya saa tu.

Na kwa anayemtafuta Feebas, saa iliyosimama ni neema. Ile miraba sita huchaguliwa kwa namba iliyofungamana na msemo unaovuma mji wa Dewford. Msemo wa juu ukibadilika, miraba yote inahama, na ramani uliyochora inakuwa karatasi ya kufungia karanga. Kaseti yenye saa nzima, misemo hupanda na kushuka kadiri siku zinavyopita. Yangu haisogei. Msemo utakaa palepale mpaka niubadilishe mwenyewe, au nichanganye rekodi na kaseti ya mwenzangu, yaani kaseti mbili ziunganishwe zibadilishane taarifa. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mradi: yule kijana wa Dewford anayeulizia msemo mpya, simsogelei.

Hasara yake ni kwamba matunda hayaoti, na chakula cha Feebas kinatengenezwa kwa matunda. Hilo lina zamu yake huko chini.

Fimbo

Fimbo za kuvulia ni tatu: Old Rod unayopewa na mvuvi wa Dewford, Good Rod ya Route 118 na Super Rod ya Mossdeep. Kila mtu hukimbilia Super Rod. Kwa kazi hii, Super Rod ndiyo ya kuacha begini.

Feebas hachagui fimbo. Ukiwa unaelekea mraba wake, kila samaki atakayenasa ana nafasi ya asilimia 50 ya kuwa yeye, fimbo iwe mbovu, iwe nzuri. Tofauti iko kwenye mkono wako. Ukishatupa, nukta zinajipanga mojamoja kwenye kisanduku cha maandishi, kisha linakuja tangazo kwamba kuna aliyegusa, na hapo lazima ubonyeze A kabla muda haujakwisha. Old Rod inakupa fremu 36, Good Rod 33, Super Rod 30. Game Boy Advance inakwenda karibu fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo tunazungumzia sekunde 0.6 dhidi ya 0.5. Si kubwa. Kubwa ni hili: Old Rod inataka ubonyeze mara moja, basi, samaki yuko juu. Good Rod inaweza kudai raundi kadhaa, na Super Rod inaweza kufika sita, na ukichelewa raundi moja tu, kaenda zake.

Halafu tazama wanaonasa. Kwa Old Rod, Route 119 inatoa Magikarp na Tentacool wadogo, unawakimbia bila jasho. Kwa Super Rod unatoa Carvanha mmoja baada ya mwingine, na Carvanha ana meno.

Daftari

Mto nimeuchora kwenye daftari la hesabu lenye miraba, kila kijiraba kimoja ni mraba mmoja wa maji. Kwenye kurasa hizo nimetia kingo, miamba, daraja, maporomoko. Kazi ya kuchora peke yake ilinipa raha, maana mto wa gemu ukiutazama kwenye kioo kidogo huoni umbo lake. Kwenye karatasi unaona pale unapobana na pale unapopanuka.

Jambo ambalo lazima lieleweke vizuri: mraba unaohesabiwa ni ule ulio mbele yako. Uliousimamia hauhesabiwi. Ukiwa juu ya maji, unaweza kugeuka kaskazini, mashariki, kusini na magharibi bila kuhama, ukapima miraba minne kutoka kituo kimoja. Nikishapima minne, nasogea hatua zinazotosha kunipeleka kwenye msalaba mwingine, na ule mraba wa katikati niliokuwa nimeukalia naupima wakati wa kupita. Kwenye daftari misalaba hiyo inashonana vizuri sana penye maji mapana. Kando ya ukingo navua nikiwa nchi kavu, hakuna usumbufu wa maji.

Kusafiri kati ya vituo natumia Max Repel. Dawa hiyo inafukuza wanaokujia ukisogea juu ya maji, mradi levo zao ziko chini ya kiongozi wa kikosi chako, na haiwazuii wa kwenye mshipi.

Hesabu, na ami

Hapa ndipo mradi ulipochukua sura yake.

Ushauri unaouona kila mahali ni kung'ang'ania mraba mmoja, utupe na kutupa mpaka uwe na hakika, ndipo uhame. Kwanza, kuhesabu mitupo hakuna maana. Mtupo usioguswa haukwambii lolote, kwa sababu gemu huamua kwanza kama kuna mguso, na baadaye ndiyo linauliza kama ni Feebas. Kinachohesabiwa ni samaki waliotoka majini. Samaki mmoja asiye Feebas: mraba mzuri ungeweza kukuficha ukweli kwa asilimia 50. Wawili: 25. Watatu: 12.5.

Sasa je, ungoje wangapi kwa kila mraba?

Ami yangu huvua changu kwa mshipi upande wa Tudor. Mahali pake pa kuvulia anapajua kwa alama za nchi kavu, mnara wa msikiti uingie nyuma ya mbuyu fulani, basi ndipo hapo. Jioni moja baada ya magharibi nilimwamkia, nikamweka daftari mbele na kumweleza mto wangu.

"Wavua nini humo?"

"Namtafuta samaki mmoja, ami. Mahali pake pako sita tu, na mengine yote ni bure."

"Na ukitoa asiyekuwa yeye?"

"Natupa tena palepale."

"Kwani wangojani?" akasema. "Mimi pahali nisipopajua nikitoa bunju, nang'oa nanga. Sikai kumngoja bunju wa pili."

Nilirudi kwenye karatasi nikapiga hesabu, na hesabu iko upande wake. Ukingoja samaki watatu kwa kila mraba, kwa wastani utampata Feebas wa kwanza ukiwa kwenye mraba kama wa 73, yaani samaki 219 hivi. Ukichukua samaki mmoja tu kwa kila mraba na kuhama, wastani ni miraba 127, na samaki ni haohao 127. Na hofu ya kumruka? Miraba iko sita, nawe unahitaji mmoja. Ili umalize mto mzima kwa samaki mmoja mmoja bila kumwona, lazima bahati ikukatae mara sita, na hiyo ni nafasi moja kati ya 64. Sheria ya pili ya mradi ikaandikwa kwa kalamu nyekundu: samaki mmoja, hama.

Gulpin

Kwa kawaida nusu ya mitupo haiguswi. Dawa yake ni kuweka mbele ya kikosi Pokémon mwenye uwezo wa asili uitwao Sticky Hold au Suction Cups. Gulpin wa nyasi za Route 110 anaweza kuwa na Sticky Hold, ila wengine wana Liquid Ooze, kwa hiyo mkague kabla ya kumfurahia. Akiwa mbele, mitupo inayoguswa inapanda kutoka asilimia 50 hadi 92.5. Kwa lugha ya mradi wangu: samaki 127 wangehitaji mitupo 254 hivi, kwa Gulpin ni kama 137. Hakuna kifaa kingine kwenye gemu kinachookoa muda namna hii, na nashangaa kwa nini hakisemwi kwa sauti zaidi. Levo yake nimempandisha pia, ndiyo Max Repel ifanye kazi.

Kapatikana

Kando ya ukingo wa magharibi, pale mto unapoanza kubana. Kituo nilishakipima pande tatu, Magikarp, Tentacool, Magikarp. Nikageukia kusini. Nukta nne, tano, mguso, A. Skrini ikazunguka na akatokea Feebas wa levo 22, na mlio wake ule mfupi wa mkwaruzo. Nyumbani umeme ulikuwa umekatika, joto la kaskazi limetanda, na mimi nimesimama katikati ya chumba nimeshika DS kwa mikono miwili.

Kumkamata si kazi, kiwango chake cha kukamatika ni 255, cha juu kabisa. Nilitumia Poké Ball za kawaida, mipira ya kukamatia. Kijiraba chake nimekipaka rangi na sasa navua hapohapo tu, maana mradi unataka Feebas wengi. Tabia zao ndizo nazozichagua.

Kulisha

Feebas anageuka akipanda levo huku Beauty yake imefika 170. Beauty, yaani uzuri, inapandishwa kwa Pokéblock, vipande vya chakula, za ladha kavu, zile za buluu, zinazosagwa kwenye mashine ya Lilycove kutokana na matunda kama Chesto na Pamtre. Tatizo ni kwamba kila Pokéblock ina namba ya Feel inayojaza mng'ao wa mwili, na mng'ao ukifika 255 samaki hali tena, milele. Kwa hiyo huna nafasi ya kulisha ovyoovyo.

Chukua Pokéblock ya ukavu 14 na Feel 20. Mng'ao unaruhusu kumi na tatu. Feebas asiye na upande anafika 182, anapita. Mwenye tabia inayopenda ukavu, yaani Modest, Quiet, Mild au Rash, anaongezewa sehemu ya kumi na kufika 195. Mwenye kuuchukia, yaani Adamant, Impish, Careful au Jolly, anapunguziwa sehemu hiyohiyo: 13 mara 13, anakomea 169. Pungufu moja! Matunda yote yale, na Feebas anabaki Feebas. Kwa kaseti isiyootesha matunda, hilo ni pigo ambalo halina dawa.

Ndiyo maana nimekaa kwenye kijiraba changu nikimngoja Modest. Tabia ziko 25, zinazopenda ukavu ni nne, lakini Modest ndiye ninayemtaka kwa sababu Milotic hapigi kwa mwili, na Modest inaondoa nguvu asizozihitaji na kuongeza anazozitumia.

Binamu yangu, mtoto wa ami, kaniuliza kwa nini nisicheze matoleo mapya. Diamond na Pearl za 2006 nazo zina Feebas, chini ya Mlima Coronet, miraba minne inayobadilika kila siku. Ile ni mbio, ramani haidumu. X na Y za 2013 zina utamu wake mwingine, kunasa mfululizo bila kuhama ili upate wanaong'aa, yaani wale adimu wa rangi tofauti, na mnyororo ukifika 20 nafasi inakaribia moja kwa mia. Nitaujaribu. Scarlet na Violet za 2022 hazina kuvua kabisa, na kwangu ni pengo kubwa kwa mchezo wenye bahari kubwa namna ile.

Hali ilivyo leo: ndani ya sanduku kuna Feebas kadhaa, Quiet mmoja wa akiba, Modest bado. Matunda ya miti iliyokuwa imeshazaa tangu mwanzo wa gemu nimeyakusanya na sijayagusa. Betri mpya ya CR1616 nimeshainunua, na fundi wa simu hapa Kongowea amekubali kuilehemu, ila kaseti haifunguliwi kabla Modest hajaingia kwenye Poké Ball, kwa sababu saa ikianza kutembea tu, Dewford nayo itaanza kusema mengine.