Kompyuta Ndogo ya Mezani kwa Kazi za Kukesha

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kuchunguza maji ya ardhini, hunifikiria nimesimama kando ya kisima huko Makutupora na kipima kina mkononi. Siku hizo zipo, na ndizo ninazozipenda, lakini sehemu kubwa ya mwaka naishia katika chumba kimoja Nkuhungu, hapa Dodoma, nikisubiri kompyuta imalize kukokotoa. Laptop niliyoitegemea kwa miaka mitano ilikuwa na viini vinne, yaani sehemu nne za prosesa ambazo kila moja hukokotoa kivyake, na ilipofika Oktoba, mwezi ambao Dodoma hukauka hadi midomo ikapasuka, ikaanza kujizima yenyewe katikati ya kazi za usiku. Nikaamua kununua kompyuta ya mezani. Nilitaka iwe ndogo, kwa sababu mara mbili au tatu kwa mwaka nahamia Manyoni au Kondoa kwa wiki kadhaa, na mashine nisiyoweza kuipakata ndani ya basi najua nitaiacha nyumbani.

Nilipoteza wiki nzima nikilinganisha majina ya prosesa kabla sijajiuliza kazi yangu yenyewe inahitaji nini. Modeli zangu za maji ya ardhini naziendesha kwa MODFLOW, programu ya Taasisi ya Jiolojia ya Marekani ambayo chimbuko lake ni mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa namna ninavyoitumia mimi, kuendesha modeli mara moja hushughulisha kiini kimoja tu cha prosesa, hata kama vingine vyote vimekaa bure. Kwa kazi hiyo, mwenye viini 20 hamzidi mwenye vinne. Anayefaidika ni yule ambaye kiini chake kimoja kina mbio. Mambo hubadilika inapofika kalibresheni, yaani kurekebisha viwango ambavyo hatukuweza kuvipima, kama vile wepesi wa maji kupita kwenye miamba, mpaka kina cha maji ndani ya modeli kikaribiane na kile tulichokipima visimani. Hapo natumia programu nyingine, PEST, ambayo huiendesha modeli ileile mara nyingi, kila mara ikisogeza kiwango kimoja kidogo tu ili ione matokeo yamehama kiasi gani.

Modeli niliyokuwa nayo ilikuwa na viwango 80 vya kurekebisha, kwa hiyo kila hatua ya kalibresheni ilidai modeli iendeshwe mara 81: mara moja ya msingi na mara moja kwa kila kiwango. Tuseme kila mara inachukua dakika 6. Mwenye viini 8 atahitaji raundi 11, ambazo ni dakika 66. Mwenye viini 12 atahitaji raundi 7, dakika 42. Mwenye viini 16 atahitaji raundi 6, dakika 36, na katika raundi ya mwisho kiini kimoja kitakuwa kinafanya kazi huku vingine 15 vikikitazama. Hesabu hii niliifanya nyuma ya risiti ya sokoni Majengo, na ndiyo iliyoniokolea fedha nyingi kuliko ushauri wowote nilioupata, maana tofauti ya bei kati ya viini 12 na 16 ilikuwa kubwa kuliko thamani ya zile dakika sita.

Lipo pia suala la viini visivyolingana. Prosesa nyingi za Intel za miaka ya karibuni huchanganya viini vikubwa vyenye kasi na vidogo vinavyobana matumizi ya umeme. Core i7-14700, kwa mfano, ina viini 20, lakini vikubwa ni 8 na vidogo ni 12. Kwa kazi yenye vipande vingi vidogo vidogo mpangilio huo hauna ubaya wowote. Kwangu mimi, ambaye hatua inayofuata haianzi mpaka kipande cha mwisho kimalizike, viini vidogo huwa kama ndugu anayechelewa kikao cha familia: wote mnamsubiri yeye.

Nilipokwenda Dar es Salaam kwa shughuli nyingine nikapitia Kariakoo. Katika duka moja nilionyeshwa kisanduku kizuri kweli, kinene kidogo tu kuliko Biblia ya mezani.

“Dada yangu, hii ni i7 ya kizazi cha 14, viini 20. Utachoka wewe kabla yake.”

Nikasoma maandishi kwenye skrini: 14700T. “Kaka, na hiyo T ni ya nini?”

“Ni ya turbo, dada.”

Sikumbishia, kwa kuwa alikuwa mkarimu na alikwishanipa kiti. T ya Intel maana yake ni prosesa iliyopangiwa umeme mdogo: kiwango chake cha msingi ni wati 35, wakati 14700 ya kawaida ni wati 65, nayo inaweza kupanda hadi wati 219 kwa muda mfupi ikiwa mfumo wa kupoza unaruhusu. Nilimwomba aniruhusu nichomeke flashi yangu niendeshe modeli yangu mwenyewe kwa nusu saa, naye akakubali. Dakika ya kwanza ilikuwa ya kupendeza, kasi ya gigahazi 4 na ushei. Kisha namba zikaanza kushuka, na baada ya kama dakika tano zikatulia karibu na gigahazi 2 zisipande tena mpaka mwisho. Hakukuwa na hitilafu yoyote. Mashine ilikuwa inafanya kile ilichoundwa kufanya, yaani kufungua nyaraka kwa wepesi na kukaa kimya nyuma ya skrini. Ila kazi yangu huchukua saa tisa, na majaribio mengi tunayoyasoma mtandaoni hupima dakika zile za mwanzo ambazo mimi zinanihusu kidogo sana.

Kwa hiyo swali ninalowauliza wauzaji siku hizi ni hili: kisanduku hiki kinaweza kuilisha na kuipoza prosesa kwa wati ngapi, saa nzima, bila kupumzika? Kwa Dodoma swali hilo lina uzito zaidi. Mchana wa Oktoba na Novemba joto hufika nyuzi 31 au 32, na jiji liko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ile ya Dar es Salaam. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, hivyo feni ileile inayotosha Kariakoo hutoa jasho zaidi Nkuhungu. Mashine iliyopita mtihani dukani kwenye kiyoyozi haijapita mtihani wangu.

Kuhusu RAM, yaani kumbukumbu ambayo prosesa huitumia ikiwa kazini, wengi huuliza ukubwa tu. Mimi GB 64 zilinitosha na kubaki, lakini nilisisitiza ziwe vijiti viwili vya GB 32, kwa kuwa kijiti kimoja huiacha njia moja kati ya mbili za kumbukumbu ikiwa tupu, na kasi ya kusafirisha data hupungua nusu. Modeli za maji husoma na kuandika namba nyingi mno kuliko zinavyozikokotoa. Hata sasa, nikiendesha nakala 12 kwa pamoja, zile dakika 6 huwa 7 na nusu, kwa sababu zote zinagombania mlango mmoja. SSD, diski ya kuhifadhia mafaili, nilichukua ya kawaida ya TB 1. Kadi ya picha sikununua kabisa. Ingenilia fedha na kunipashia kisanduku bure.

Nilizifikiria njia tatu nyingine. Mac mini ya mwaka 2024 yenye prosesa ya M4 Pro ina upana wa sentimita 12.7 tu, viini hadi 14 na utulivu wa ajabu, lakini RAM yake huwezi kuiongeza baadaye, na programu ninayochorea modeli iko kwenye Windows. Mashine za mtumba zenye prosesa mbili za Intel aina ya Xeon, zile kubwa kama sanduku la shuleni, ni mpango mzuri kwa asiyesafiri: E5-2680 v4 mbili zinakupa viini 28 na njia nyingi za kumbukumbu kwa bei ya huruma, ingawa kila kiini ni cha mwaka 2016 na prosesa zile mbili peke yake zimepangiwa wati 240. Visanduku vya kikazi kama ThinkStation P3 Ultra, wenye ujazo wa lita 3.9, ndivyo vilivyonivutia zaidi, na anayenunua kwa fedha za taasisi ningemwambia aanzie huko. Atakayechukua Intel ya mezani ya kizazi cha 13 au 14, hasa iliyotumika, aulize kwanza kama BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine, imesasishwa: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zikipata volteji kubwa kupita kiasi na kudhoofika, ikatoa marekebisho kuanzia Agosti na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Marekebisho hayo huzuia madhara mapya, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia.

Mwishowe nilinunua vipande, nikavileta kwa treni ya SGR, boksi la prosesa nikiwa nimelipakata mpaka Dodoma. Ni Ryzen 9 7900, viini 12 vyote vya aina moja, wati 65, juu ya bodi ya mini-ITX yenye sentimita 17 kwa 17, ndani ya kasha la lita kama kumi lenye nafasi ya feni ya milimita 120. Fundi wa hapa mjini aliniunganishia kwa jioni moja. Usiku wa kwanza wa kalibresheni niliamka mara tatu kuangalia namba, na mara zote tatu zilikuwa zilezile nilizoziacha saa nne.

Umeme ni hadithi yake. UPS yangu, kifaa cha kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, ina betri ya volti 12 na saa-ampea 7, ambayo kwenye karatasi ni saa-wati 84. Kompyuta ikiwa kazini napata takriban robo saa. Hiyo inatosha kuamka, kusimamisha kazi na kuzima kwa heshima, na PEST hukubali kuendelea baadaye kutoka hatua iliyoishia. Vumbi ndilo lililonishinda mwanzoni. Nilifunika matundu ya hewa kwa kipande cha neti ya mbu, nikajisifu, na ndani ya wiki mbili joto la prosesa lilikuwa limepanda nyuzi 9. Neti nimeitoa, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi naitoa mashine nje barazani, nazuia feni kwa kijiti ili isizunguke, kisha napuliza kwa bloa huku majirani wakifunga madirisha yao.