Siku moja maishani mwangu: Napima selimundu Busia

Saa moja asubuhi. Nafungua maabara ya kituo chetu cha afya hapa Busia, upande wa Uganda, tunakopima watoto selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Naangalia joto la friji, naliandika daftarini, basi.

Saa mbili. Benchi la chanjo limejaa kina mama. Mtoto namchoma pembeni mwa kisigino, si katikati ambako mfupa uko karibu. Tone la kwanza nalifuta kwa pamba. La pili naliacha lidondoke lenyewe kwenye duara la kadi ya kufyonzea damu mpaka lipenye upande wa pili. Ukikamua kisigino, damu inachanganyika na majimaji na kadi imeharibika. Kadi hukauka kivulini kwa saa tatu au nne, ndiyo maana nawahi: pikipiki ya sampuli hupita saa tisa, na safari yake inaishia maabara ya taifa iliyoko Butabika, Kampala.

Kule hutenganisha kwa umeme aina za himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Chanzo cha selimundu ni herufi moja tu ya DNA iliyobadilika kwenye kromosomu ya 11, nayo inatosha kuipinda chembe nyekundu ya damu. Himoglobini ya kawaida huitwa A, ya selimundu S, na kila mtu hurithi moja kwa mama, moja kwa baba. Mwenye A na S ni mbebaji, kwa kawaida anaishi bila kuugua. Mwenye S mbili ndiye mgonjwa. Utafiti wa kitaifa wa 2014 na 2015 ulikuta wabebaji 13.3% ya watoto wadogo waliopimwa, na wenye S mbili 0.7%.

Saa tano. Wameingia baba na mama ambao majibu ya binti yao yamerudi SS. Baba hakukaa.

"Musawo (daktari), kwetu hakuna ugonjwa huu. Huyu kautoa kwao. Mimi nataka DNA."

Mama alikuwa anamfunika mtoto shali ambayo tayari ilikuwa imemfunika.

Maneno haya nayasikia mno, na yananiuma, kwa sababu wanawake wanafukuzwa makwao kwa ajili yake. Nikamwambia: ndugu yangu, S mbili hazitoki kwa mzazi mmoja. Akakubali kuchomwa kidole. Kipimo cha haraka kikasoma AS, kama mkewe. Hapo akavuta kiti.

Kwa haki, kipimo hicho hakikuthibitisha kwamba mtoto ni wake, na nilimwambia hivyo. Wabebaji ni wengi. Hata angetoka AA, nisingeropoka: ningerudia vipimo kwanza, kwani damu ya kuongezewa huweza kupotosha majibu, na zipo kasoro nyingine za himoglobini zinazofanana na hii. DNA anayoitaka ni kazi nyingine kabisa, iliyoanzia kwa Alec Jeffreys huko Leicester, Uingereza, mwaka 1984. Siku hizi mashine hukagua sehemu ishirini hivi ambapo vipande vifupi vya DNA hujirudia, na kuhesabu marudio. Kila sehemu mtoto ana namba mbili, moja ya mama, moja ya baba. Zisipolingana na za baba katika sehemu kadhaa, huyo si baba. Moja pekee haitoshi, kwani namba huweza kubadilika zinaporithiwa. Maabara ya serikali inayofanya hayo iko Wandegeya. Mlango uko wazi, lakini binti anahitaji dawa leo.

Akauliza kuhusu mtoto ajaye. Kila mimba ina uwezekano wa 25% wa SS, hata kama iliyotangulia ilikuwa SS. Tukamaliza na penisilini, mara mbili kwa siku mpaka atimize miaka mitano, kinga ya malaria, na kuwahi hospitali akipata homa. Baba ndiye aliyeandika saa za dawa.

Saa tisa. Kadi zimeondoka.

Saa kumi na moja. Kuna mama mwingine ambaye majibu ya mwanawe ni SS na simu yake haipatikani. Nimempa mhudumu wa afya wa kijiji chao ujumbe: aje kliniki, asiambiwe majibu mlangoni, na kama mumewe yupo, waje wote wawili.