Pikipiki ya zamani au mpya: vipimo vilivyoniamulia

Pikipiki uliyoizoea haikupi jibu la kweli ukiwa umeikalia. Mikono imeshajifunza kufidia kasoro zake: unabana breki mapema, unaegemea kidogo upande ambao usukani hauvuti, unapunguza mwendo kwenye kona ambayo zamani hukuijali. Moyo nao una kauli yake. Kwa hiyo swali la kuibakiza au kuchukua mpya niliamua kulijibu kwa vipimo, kimoja kimoja, nikiandika namba kwenye daftari kabla ya kutoa hukumu yoyote.

Pikipiki yenyewe ni cc 125, kabureta, breki za ngoma mbele na nyuma, vali zinasukumwa kwa fito kama kwenye Honda CG125 iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Vifaa nilivyotumia ni geji ya kompresheni (hupima mgandamizo ndani ya silinda), fila geji (bapa nyembamba za kupimia mianya), vernia, mita ya umeme, uzi mrefu usiovutika, mafuta ya taa na chaki. Nimeeleza kwa mpangilio nilioufuata, yaani injini kwanza. Nikirudia kazi hii leo nitaanza na fremu, na sababu itaonekana mbele.

Injini hupimwa vali kabla ya kompresheni. Vali iliyobana haikai vizuri kwenye kiti chake, moto unavuja, na geji itasoma chini hata kama pistoni na ringi ni nzima. Iache ipoe usiku kucha. Fungua kifuniko cha roka, yaani mikono midogo inayosukuma vali, na kile cha magneti, zungusha magneti kwa spana hadi alama ya T ikutane na alama ya kwenye kesi. Hapo shika roka zote mbili: zikicheza, pistoni iko juu kwenye mgandamizo. Zikiwa zimebana, zungusha duara zima tena, maana uko kwenye mzunguko wa kutoa moshi. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanarekebisha vali kwenye mzunguko usio wake. Kwa CG125 mwanya kati ya roka na vali ni 0.08 mm kwa vali zote mbili. Kwa aina nyingine fuata kitabu chake. Vali inayogonga kidogo inakera masikio tu. Iliyo kimya kupita kiasi ndiyo ya kuogopa, kwa sababu vali hupoza joto lake kupitia kiti, na isipofunga sawasawa huungua ukingoni.

Kisha kompresheni. Washa injini ipate moto, zima, toa plagi, funga geji, vuta resi hadi mwisho na uishikilie, piga kiki mara sita hadi nane mpaka mshale usipande tena. Resi ikifungwa hewa haiingii ya kutosha na utaihukumu injini bure. Injini nzima ya aina hii hutoa takriban psi (kipimo cha presha) 150 hadi 170. Yangu ilitoa 100. Nikatia nusu kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, nikapiga kiki tena, mshale ukapanda hadi 145. Jibu hilo halina utata: oili imeziba njia pembeni ya pistoni, kwa hiyo kilichoisha ni ringi na silinda. Kama mshale ungebaki palepale, lawama ingekuwa ya vali au gasketi ya hedi. Moshi wa bluu nilipovuta resi baada ya kuteremka mteremko mrefu ulikuwa umeshasema jambo linalokaribiana na hilo. Moshi mweusi ungekuwa habari ya kabureta au chujio la hewa, na mweupe wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache ni mvuke tu.

Silinda ilipotoka nilipitisha ukucha ndani, kutoka juu kwenda chini. Karibu na mdomo wa juu ukucha ulikwama kwenye kidato chembamba, pale ambapo ringi ya juu hugeuza safari. Kidato kinachokwamisha ukucha maana yake ringi mpya peke yake haitasaidia: itavuja kwenye silinda isiyo duara tena. Sukuma ringi ndani kwa kutumia kichwa cha pistoni ili isikae mshazari, pima mwanya wa ncha zake. Kwa silinda ya ukubwa huu ringi mpya huacha takriban 0.15 hadi 0.35 mm. Niliyoitoa iliacha zaidi ya 0.5.

Dawa yake inajulikana. Pistoni kubwa zaidi kwa 0.50 mm inunuliwe kwanza, ndipo fundi wa lethi achonge silinda kwa kipimo cha pistoni hiyohiyo mkononi mwake, asichonge kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kabla ya kulipia kazi hiyo kagua konrodi, fito inayounganisha pistoni na krenki. Weka krenki juu kabisa, shika konrodi kwa vidole viwili, ivute juu na kuisukuma chini. Mchezo wa pembeni upo kwa muundo wake. Wa juu na chini usiwepo hata kidogo. Ukisikia "tik" kwenye mfupa wa kidole, beringi ya krenki imekwisha, na hapo lazima mwili wa injini upasuliwe nusu mbili na krenki ipelekwe kwenye presi. Yangu haikusema kitu. Injini, basi, ilikuwa inaponyeka kwa pistoni, ringi, gasketi na oili sili za vali.

Cheni na umeme havihitaji maneno mengi. Cheni ya saizi 428 ina hatua (umbali kutoka pini hadi pini) ya 12.7 mm, hivyo hatua 20 za cheni mpya zikivutwa zinyooke ni 254 mm. Zikifika 259 badilisha cheni pamoja na sproketi zote mbili, maana sproketi yenye meno yaliyopinda kama ndoana huila cheni mpya mapema. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6, na injini ikizunguka kwa kasi ya wastani iwe kati ya 13.8 na 14.5. Vitu hivi vichakae vipi, visikufanye uuze pikipiki.

Breki ni habari nyingine. Kwanza nilizifanyia haki: brekishuu mpya, ngoma ikasafishwa vumbi, kebo ikalainishwa, mkono wa breki ukarekebishwa. Breki mbovu ya zamani ikilinganishwa na breki nzuri ya mpya haikuambii chochote. Kisha kwenye barabara kavu, tambarare na tupu, nikaweka alama na kusimama kutoka 40 km/h, mara tano, nikichukua wastani. Ya zamani ilisimama kwa mita 14. Mpya niliyoazima, yenye diski na ABS, yaani mfumo unaozuia tairi lisifunge breki ikibanwa, ilisimama kwa mita 9 na nusu. Mita nne na nusu zinaonekana chache hadi ukumbuke kwamba umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa mwendo. Kwa nguvu zilezile za breki, kutoka 60 km/h inakuwa karibu mita 31 na nusu dhidi ya 21 na nusu, yaani tofauti ya mita kumi, na hapo mkono haujachelewa, tairi halijateleza, barabara haijalowa. Ngoma pia huchoka ikipata moto: teremka mlima mrefu ukiwa na abiria, mara ya nne au ya tano mkono unasafiri zaidi na pikipiki inapungua kidogo. Umoja wa Ulaya uliilazimisha ABS kwa pikipiki mpya za barabarani zinazozidi cc 125 tangu 2017, na 125 kushuka chini zikaruhusiwa kuchagua kati ya ABS na breki zinazoshikana mbele na nyuma kwa pamoja. Naona walifanya vema.

Hata hivyo kwa anayetembea ndani ya mji chini ya 40, bila abiria, ngoma zinazotunzwa zinatosha, na ningeibakiza pikipiki hii kama breki zingekuwa ndiyo hoja pekee.

Fremu niliipima kwa uzi. Ekseli ya nyuma na virekebisho vya cheni viwe sawa pande zote kwanza. Zungusha uzi nyuma ya tairi la nyuma, juu kadiri chuma cha chini kinavyoruhusu, vuta ncha zote mbili mbele hadi zipite tairi la mbele, kila uzi uguse kwa shida tu ukingo wa mbele wa tairi la nyuma. Usukani unyooke. Tairi la mbele ni jembamba zaidi, kwa hiyo mianya miwili itabaki kati yake na uzi, na inapaswa kulingana. Nilipata 9 mm kushoto na 17 kulia. Tofauti ya 8 ni tairi kukaa 4 mm nje ya mstari, na hiyo ndiyo iliyokuwa inavuta usukani miaka yote huku nikilaumu tairi.

Kupinda hakutokei bila mahali pa kupindia. Toa tangi. Safisha shingo ya fremu kwa brashi na petroli hadi chuma kionekane, hasa pale bomba la chini linapokutana na kibati cha kuimarisha. Paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi, futa kwa kitambaa kikavu kabisa, kisha sugua chaki laini juu yake kama unga. Sasa yumbisha usukani mbele na nyuma ukiwa umebana breki ya mbele. Chuma kizima kitabaki cheupe. Kwenye yangu, pembeni ya alama ya zamani ya kuchomelea, chaki ililoa mstari mwembamba wa kijivu, mrefu karibu sentimita tatu, na kila usukani ulipovutwa mstari ulikolea kidogo. Ni mafuta yanayotoka ndani ya ufa.

Mahali ulipotokea panaeleza chanzo. Chuma kilichochomelewa huwa kigumu kuliko jirani yake, na ule ukanda ulioungua kandokando ya mshono ndio unaopokea mtikisiko wote. Ukichomelea tena, unausogeza ufa sentimita chache. Mizigo inayowekwa nyuma ya tairi la nyuma huchangia sana, kwa sababu inaunyanyua uso wa pikipiki na kila shimo linageuka nyundo shingoni. Ungekuwa kwenye kishikio cha kanyagio ningeziba na kuendelea. Shingoni hapana: hapo ndipo tairi la mbele linaposhikwa, na likiachia haliachii polepole. Fremu nyingine nayo ina namba yake ya chesisi, na namba hiyo ndiyo inayotambulisha pikipiki kwenye kadi. Kuibadili ni kusajili upya, na fremu iliyotumika haina ushahidi kwamba shingo yake ni nzima.

Hapo injini iliyokuwa inaponyeka haikuwa na mahali pa kufungwa.

Kuchagua mpya nilikwenda na orodha ya vipuri vitano: kebo ya klachi, chujio la hewa, pedi za breki, pampu ya mafuta na kompyuta ya injini. Muuzaji aulizwe kila kimoja kwa namba ya kipuri, kipo leo au kinaagizwa, na kwa muda gani. Vitatu vya kwanza vikikosekana, ondoka. Pampu ni muhimu kwa sababu pikipiki yenye injeksheni, yaani inayonyunyiziwa petroli kwa pampu ya umeme, haina nafasi ya kubahatisha kama kabureta unayoweza kuifungua kando ya barabara na kupuliza jeti. Pampu yake imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli inayoizunguka, hivyo kutembea kila siku na tangi linalokaribia kukauka kunaifupishia maisha, na petroli yenye maji au uchafu huiua pamoja na kinyunyizio. Betri ikifa kabisa, aina nyingi haziwaki hata ukisukuma, maana pampu haina umeme wa kujenga presha. Nilihesabu pia bolti za kufungua ili kufikia plagi na chujio. Ni jambo dogo dukani, lakini utalifanya kila huduma.

Uzito ulizidi wa zamani kwa karibu kilo 30. Jaribu kuisukuma kurudi nyuma ukiwa umeikalia, miguu itakujibu.

Kwa kilomita 150 za mwanzo tairi mpya huteleza, kwa hiyo kona zichukuliwe taratibu, na pedi zikae kwa kusimama polepole mara thelathini hivi kabla ya kubana kwa nguvu. Oili ya kwanza imwagwe ikifika kilomita 1,000 au mapema zaidi kama kitabu kinasema hivyo, kwa sababu inabeba vumbi la chuma la gia mpya.

Fremu ya zamani niliikata shingoni kwa msumeno baada ya usajili kufutwa, asije mtu akaichomelea na kuibebea watu. Injini ipo. Silinda imechongwa, pistoni mpya imo, matundu ya kabureta na ekzosi yamezibwa kwa vitambaa vilivyolowekwa oili. Kila miezi mitatu natia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, naizungusha kwa spana mizunguko kumi, kisha naisimamisha kwenye alama ya T ya mgandamizo ili vali zote mbili zikae zimefungwa.