Nilivyoandaa Orodha ya Watu Mashuhuri wa Shule za Kikatoliki za Wavulana Tabora

Parokia yetu hapa Tabora ilipoamua kuweka ukumbini ubao wa kuwaonyesha vijana watu mashuhuri waliopitia shule za wavulana za Kanisa, kazi ya kukusanya majina nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa nimefundisha somo la historia kwa miaka mingi na wazee wengi wananifahamu. Majina yaliletwa kwa wingi, na karibu kila aliyeleta jina alikuwa na hakika nalo. Kwa hiyo nilijiwekea sharti tangu mwanzo: jina lisiandikwe mpaka ijulikane kwa maandishi kwamba mhusika alikuwa mwanafunzi, mwalimu au mgeni tu pale shuleni.

Sharti hilo lilijaribiwa mapema na jina la Mwalimu Nyerere. Wazee kadhaa walishikilia kwamba alisoma St. Mary's, shule iliyokuwa chini ya Mapadri Weupe (shirika la wamisionari Wakatoliki), ilhali alisoma Shule ya Serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937 hadi 1942. Alikwenda Makerere, na aliporejea mwaka 1946 ndipo alipoingia St. Mary's akiwa mwalimu, kwa mwaliko wa Padri Richard Walsh aliyekuwa mkuu wa shule, akafundisha hapo mpaka 1949 alipoondoka kwenda kusoma Edinburgh. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza, "Sasa mwalimu, ukimwondoa Nyerere, ubao wetu utabaki na nini?" Nilimjibu, "Simwondoi, mzee wangu, namweka mahali pake." Hapo ndipo nilipoamua kuwa na safu mbili, ya waliosoma na ya waliofundisha. Kwa maoni yangu safu ya pili haina hadhi ndogo hata kidogo, kwa sababu kijana huyo msomi alikuwa na nafasi ya kufundisha katika shule ya serikali, akachagua shule ya misheni. Pembeni yake nilimwandika Andrew Tibandebage, mwenzake tangu Makerere, aliyefundisha naye St. Mary's na baadaye akawa balozi.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi lilikuwa majina yenyewe. Wavulana wengi wa zamani waliandikishwa shule kwa majina ya nyumbani, wakabatizwa baadaye, kisha wakajulikana ukubwani kwa jina la ubatizo na la ukoo. Nyerere mwenyewe ni mfano mzuri: alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akiwa amekwisha kumaliza masomo yake Tabora, hivyo anayemtafuta "Julius" katika kumbukumbu za miaka yake ya shule anatafuta jina ambalo kijana huyo alikuwa bado hajapewa. Nilipolielewa hilo, nikawa namwomba kila mwenye habari za mtu anitajie pia jina la baba, kijiji na parokia ya ubatizo, na kwa njia hiyo watu wawili waliodhaniwa kuwa mmoja walitengana.

Hali kama hiyo ilijitokeza kwa jina la Rugambwa, ambalo waumini wengi hulichanganya. Kardinali Laurean Rugambwa, aliyepewa ukardinali mwaka 1960, alilelewa katika seminari ya Rubya kule Kagera na baadaye Katigondo, Uganda, wala si katika shule zetu. Kardinali Protase Rugambwa, aliyekuwa Askofu wa Kigoma kuanzia 2008 na akafanywa kardinali mwaka 2023, alisoma seminari ya Katoke na kisha seminari ndogo ya Itaga, shule ya sekondari ya wavulana iliyopo hapa hapa Tabora. Huyo wa pili ndiye aliyeingia katika safu ya waliosoma. Kardinali Polycarp Pengo alisoma Kipalapala, nayo iko Tabora, lakini ile ni seminari kuu ya kuandaa mapadri, si shule ya wavulana, nami nikaona afadhali nisimwandike kuliko kulegeza sharti kwa ajili ya mtu mkubwa. Baba paroko aliniunga mkono, jambo lililonirahisishia sana mazungumzo na kamati. Benjamin Mkapa naye alipendekezwa; yeye alisoma Ndanda na Pugu, si hapa Tabora.

Kuhusu wanafunzi wa St. Mary's wenyewe, kazi bado inaendelea. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliipa serikali uwezo wa kuzichukua shule za misheni, ila seminari zikabaki mikononi mwa Kanisa. Ndiyo maana habari za Itaga nilizipata kwa urahisi, na za shule zilizochukuliwa nazitafuta majumbani mwa watu. Picha za darasa, vyeti na barua za kuitwa shule ndivyo ninavyoomba sasa kutoka kwa familia, hata kama aliyesoma alikuja kuwa mwalimu wa shule ya msingi au katekista, kwa maana hao nao wana nafasi katika safu ya kwanza. Nyaraka ninazipokea ofisini kwa parokia kila Jumapili baada ya Misa ya pili, nazipiga picha mbele ya mwenyewe na kumrudishia papo hapo.